Barua ya wazi kuhusu watoto wa Kakuma na neno "kila"

Kwenu Waziri wa Elimu, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kamishna wa Wakimbizi, Gavana wa Kaunti ya Turkana, makamishna wa Tume ya Huduma za Walimu, na wakuu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayohudumu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei

MINTARAFU: WATOTO WAKIMBIZI NA HAKI AMBAZO KATIBA IMEKWISHA KUWAPA

Waheshimiwa,

Januari 2014, wiki chache baada ya vita kulipuka mjini Juba, nilipewa rejista ya darasa la nne katika shule moja ya msingi kambini Kakuma. Nilipoifungua nilidhani aliyeijaza kabla yangu alikuwa mzembe. Ilikuwa na majina ya wanafunzi 136, na zaidi ya 90 kati yao walikuwa wameandikwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari. Nilimwendea mwalimu mwenzangu, yeye mwenyewe mkimbizi kutoka Sudan Kusini, nikamwonyesha kosa hilo. Akanieleza kwa upole kwamba halikuwa kosa. Mtoto anapofika mpakani bila karatasi yoyote, na aliyemleta hajui alizaliwa lini ila anakumbuka tu kwamba ulikuwa mwaka wa mafuriko au mwaka ng'ombe walipoporwa, afisa wa usajili hukadiria mwaka kisha akaandika tarehe 1 Januari, kwa kuwa fomu haikubali nafasi iachwe tupu. Kisha akaniambia kwamba hata yeye alizaliwa tarehe 1 Januari.

Nilifundisha Kakuma kwa miaka tisa baada ya siku hiyo. Sasa nimestaafu na ninaishi Kitale, lakini wanafunzi wangu wa zamani, ambao baadhi yao leo ni walimu katika madarasa yale yale, hunipigia simu na kunieleza hali ilivyo. Siandiki kwa niaba ya chama wala shirika. Ninaandika kwa sababu mambo ninayosikia sasa ni yale yale niliyoyaona mwaka 2014, na mengine yamezidi, ilhali sheria za nchi katika kipindi hicho zimekuwa nzuri zaidi kuliko zilivyowahi kuwa. Pengo hilo kati ya sheria na rejista ya darasa ndilo ninalowaombeni mlitazame.

Waandishi wa Katiba ya 2010 walijua vyema tofauti kati ya raia na mtu. Walipotaka haki fulani iwe ya Wakenya peke yao waliandika "kila raia", kama walivyofanya katika Kifungu cha 38 kuhusu haki za kisiasa. Walipofika Kifungu cha 53 waliandika "kila mtoto". Hawakuandika mtoto wa Mkenya, wala mtoto mwenye cheti, wala mtoto aliyekwisha kusajiliwa. Kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, haki ya lishe, makao na matibabu, na haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara na kazi za kumnyonya, na katika kila jambo linalomhusu maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Mimi si mwanasheria, bali ni mwalimu wa Kiswahili, na nimewafundisha watoto wengi kwamba "kila" haifanani na vivumishi vingine. Vingi husubiri nyuma ya nomino, yenyewe hutangulia, na haibadiliki hata ikikutana na ngeli gani: kila mtu, kila kitabu, kila mti, kila nyumba. Nilipokuwa nikiandika mifano hiyo ubaoni mbele ya watoto wa Kakuma niliona aibu, kwa kuwa nilijua kwamba neno lile lile, likitoka kwenye Katiba na kufika kambini, lilikuwa likibadilika.

Naomba nirudi nyuma kidogo, maana historia ya mahali penyewe ina hoja ndani yake. Waandishi wa nje hupenda kurudia kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya pasipo mahali. Si kweli, na sisi wenye lugha hatulijui neno hilo. Kakuma ni mji katika nchi ya Waturkana, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kando ya laga ya Tarach ambayo hukauka miezi mingi na kufurika kwa saa chache. Kambi ilianzishwa hapo mwaka 1992 kwa sababu ya watoto. Maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini waliokuwa wamekimbilia Ethiopia tangu 1987 walilazimika kukimbia tena serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991, na waliosalimika mtoni, njaani na njiani walivuka mpaka wakaingia Kenya kwa miguu, wengi wao bila mzazi hata mmoja. Kuanzia 2000 takriban 3,800 kati yao walipelekwa kuishi Marekani. Wengine walibaki, wakakua, wakaoa, na watoto wao walikuwa wanafunzi wangu. Ndiyo maana siwezi kukubali lugha inayotumiwa mara nyingi katika mikutano, kwamba watoto ni "kundi maalumu" miongoni mwa wakimbizi. Wakimbizi wanaohifadhiwa nchini wamepita 800,000, na zaidi ya nusu yao ni watoto. Mnapozungumzia sera ya wakimbizi, mnazungumzia watoto, na watu wazima ndio wanaoandamana nao.

Jambo la kwanza ni karatasi. Mtoto anayezaliwa katika hospitali ya kambini ana nafasi nzuri ya kupata cheti cha kuzaliwa, iwapo mama atafuatilia kabla miezi 6 haijapita. Ikipita, anaingia katika utaratibu wa kuchelewa kusajili, wenye nyaraka zaidi na safari zaidi, na mama mwenye watoto watano asiyejua Kiingereza wala Kiswahili huuacha hapo. Aliyezaliwa nje ya kituo cha afya ana kazi kubwa zaidi. Aliyezaliwa Sudan Kusini, Kongo au Somalia, katika kijiji kilichochomwa, hana kabisa cheti na hatakipata, kwa kuwa Kenya haiwezi kuthibitisha uzazi uliotokea kwingine. Kwa mtoto huyo, karatasi pekee duniani inayosema kwamba yupo ni ile ya usajili wa wakimbizi. Na usajili huo nao umewahi kufungwa. Huko Dadaab, kwenye kambi nyingine kubwa za wakimbizi katika Kaunti ya Garissa, kulikuwa na miaka ambapo waliofika wapya kutoka Somalia hawakusajiliwa, wakaishi pembezoni mwa kambi wakila mgao wa ndugu zao, na watoto wao wakazaliwa na kufikia umri wa kwenda shule kabla mlango haujafunguliwa tena.

Mtoto asiye na karatasi hafukuzwi shuleni siku ya kwanza, na hilo ndilo linalotudanganya. Walimu wa kambini humpokea, humpa nafasi kwenye benchi au sakafuni, humfundisha. Tatizo hujitokeza pale jina lake linapotakiwa kuingizwa katika mfumo wa taarifa za elimu wa serikali, na tena pale anapoandikishwa kwa tathmini ya kitaifa. Hapo herufi moja iliyokosewa na karani wa mpakani, Deng ikawa Dheng, au jina la babu likawa la baba, huwa ukuta. Nilikuwa na mwanafunzi, mvulana, aliyekuwa na majina matatu tofauti katika nyaraka tatu: kadi ya chakula, cheti cha shule ya awali na karatasi ya usajili. Alikuwa wa tano kati ya 136. Ofisi moja ilimtuma kwa nyingine kuanzia Februari hadi Agosti, na kila mara alipokwenda alikosa siku nzima ya masomo, kwa sababu foleni ilianza alfajiri na yeye hakuwa na mtu mzima wa kumshikia nafasi. Alikuwa ameingia nchini na dada yake wa miaka 15. Mwezi wa Septemba aliacha kuja shuleni, na nilipokwenda kumtafuta nilimkuta akisukuma mkokoteni wa maji sokoni.

Ninajua mtasema kwamba usajili makini unalinda watoto dhidi ya wanaowasafirisha kwa hila na kuwauza. Nakubali kwa moyo wote, maana nimeona watu wazima wakidai kuwa wajomba wa wasichana wasiowajua. Lakini ulinzi huo unatimia pale afisa anapomtafuta mtoto. Mvulana wangu hakutafutwa na mtu. Alitakiwa yeye, akiwa na miaka 12, athibitishe kwa wakubwa kwamba ni yeye.

Kuhusu darasa lenyewe sitasema mengi juu ya msongamano, kwa kuwa mmeusoma katika ripoti nyingi. Nitasema juu ya umri na lugha, mambo ambayo hayaonekani katika hesabu ya wanafunzi kwa mwalimu. Mtoto aliyefika darasa la sita kwa Kiarabu huko alikotoka, anayejua sehemu na desimali na jiografia ya mto Naili, akifika Kakuma hupimwa kwa Kiingereza na kurudishwa darasa la pili. Ana miaka 14 na anakalia benchi la watoto wa miaka 7. Wasichana ndio wanaoshindwa kwanza kuivumilia aibu hiyo. Watoto wa Kongo hufika wakizungumza Kiswahili, chao cha Kivu chenye ladha yake, na kwa muda mfupi huonekana kuwa na bahati, mpaka wanapogundua kwamba Kiswahili ni somo moja tu na mengine yote yako katika lugha wasiyoijua. Nimewaona watoto wenye akili nyingi wakinyamaza mwaka mzima. Mwaka mmoja tu wa kufundishwa lugha kwanza, mtoto akiwa na wenzake wa umri wake, ungeokoa miaka minne ya kurudishwa nyuma. Madarasa ya kuharakisha masomo yamewahi kuendeshwa hapo kwa ufadhili wa muda, na yalisaidia. Ufadhili ulipokwisha, nayo yalikwisha.

Anayefundisha watoto hao ni nani? Sehemu kubwa ni wakimbizi wenyewe, vijana waliomaliza sekondari palepale kambini, wengi wao bila mafunzo ya ualimu. Hawaitwi waajiriwa. Wanalipwa kile kinachoitwa posho ya motisha, kiasi ambacho ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mkenya anayefanya kazi ile ile katika chumba cha pili. Nilikuwa mimi yule wa chumba cha pili. Mwenzangu aliyenieleza habari ya tarehe 1 Januari alifundisha hisabati vizuri kuliko mimi nilivyofundisha Kiswahili, alikuwa na wanafunzi wengi kuniliko, na jioni alirudi katika nyumba ya udongo aliyoijenga mwenyewe, akapiga foleni ya maji. Aliacha kazi alipopata nafasi ya kuwa mlinzi wa ghala, kwa sababu malipo ya mlinzi yalikuwa afadhali. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inamtambua mkimbizi kama mtu anayeweza kufanya kazi na kuchangia uchumi wa nchi. Tume ya Huduma za Walimu ina uwezo wa kufungua njia ya kuwafunza, kuwasajili na kuwalipa walimu hawa kwa haki. Hamhitaji kuwatafuta, maana wameshika chaki tayari.

Sasa chakula, jambo ambalo mwaka 2025 limekuwa zito kuliko yote. Wakuu wa mashirika mnajua vizuri kuliko mimi jinsi fedha za msaada kutoka nje zilivyokatwa mwanzoni mwa mwaka huo, na jinsi mgao ulivyoshuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopendekezwa. Fedha za bamba chakula, ambazo tangu 2015 familia zilizipata kwa simu na kununulia mahitaji madukani, zilikoma kwa wengi. Watu waliandamana. Kisha kuanzia Agosti familia zikagawanywa katika makundi manne kulingana na uhitaji wao, na zile zilizoonekana kujiweza zikaondolewa kabisa katika mgao.

Sipingi kwamba penye kidogo lazima wahitaji zaidi watangulie. Ninachosema ni kwamba kinachopimwa ni nyumba, na mtoto si nyumba. Kakuma imejaa watoto walioingia peke yao au waliotenganishwa na wazazi, wakapokelewa na mama walezi ambao si wa damu yao. Wanawake hao ni hazina, na wengi niliowajua waliwalea watoto wa watu kwa upendo usio na kasoro. Lakini nyumba inapokosa chakula, mtoto wa kulelewa hula mwisho, au huanza kuambiwa atafute cha kuchangia. Nyumba yenye kibanda cha kuuza sukari huhesabiwa kuwa inajiweza, na mtoto wa kulelewa aliye ndani yake huhesabiwa kuwa anajiweza pamoja nayo. Naomba kila mtoto aliye chini ya uangalizi wa mlezi apimwe kivyake, kwa mgao wake mwenyewe, hata kama nyumba imo katika kundi gani. Na uji wa saa nne shuleni usiguswe. Waliowahi kufundisha Turkana wanajua kwamba siku ambayo moshi hauonekani jikoni shuleni, nusu ya madarasa huwa tupu kabla ya saa tano.

Njaa huwatoa wasichana shuleni kwa njia nyingine pia. Familia ikikosa chakula, posa ambayo mwaka jana ilikataliwa husikilizwa tena. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri kuwa miaka 18 na Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza ndoa za watoto waziwazi. Lakini rudini kwenye ile rejista yangu. Msichana aliyeandikwa kuwa amezaliwa 1 Januari ya mwaka uliokadiriwa anaweza kuwa na miaka 18 katika karatasi na 15 katika mwili wake. Nilisimama mbele ya wazee pamoja na chifu na mlinzi wa watoto, tukimtetea msichana wa darasa la saba, na mjomba wake akatoa karatasi ya usajili mfukoni na kutuonyesha mwaka. Hatukuwa na karatasi nyingine ya kumjibu. Makadirio yale yalifanywa na mtu aliyekuwa na foleni ya watu mia mbele yake, na sasa yalikuwa na nguvu kuliko sisi sote. Kwa hiyo ninaomba utaratibu wa kurekebisha umri uwe mwepesi, uwe karibu, na usisubiri kesi, na pale penye shaka mtoto achukuliwe kuwa mtoto.

Wapo wanaofaulu licha ya hayo yote, na hao nao hukutana na lango. Mwaka mmoja mwanafunzi wetu wa kike aliitwa katika shule ya kitaifa ya bweni, mbali na Turkana. Shule nzima iliimba. Ili asafiri alihitaji kibali cha kutoka kambini. Kibali kilipotoka, muhula ulikuwa umeingia wiki ya tatu. Aliporudi likizoni alihitaji kingine cha kurudi shuleni, na mara mbili basi lilisimamishwa njiani, akashushwa yeye peke yake mbele ya abiria wote akiwa na sare ya shule, karatasi yake ikageuzwa na kugeuzwa. Aliniambia kwamba darasani humo alikuwa wa kwanza kwa Kiswahili, na kwamba hapo kizuizini Kiswahili kilimpotea kabisa. Barua ya kuitwa shule ya serikali, yenye muhuri wa serikali, ingetosha kuwa kibali kwa miaka yote ya masomo. Hili halihitaji fedha wala sheria mpya. Linahitaji waraka mmoja wenye sahihi za wizara mbili.

Yapo pia maneno. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itafunga kambi, na idara iliyokuwa ikiwahudumia wakimbizi ikavunjwa. Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Februari 2017 kwamba uamuzi wa kufunga Dadaab ulikuwa kinyume cha Katiba. Machi 2021 likaja tangazo lingine, siku 14 za kutoa mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma, na baadaye ikawekwa tarehe ya Juni 2022. Dadaab na Kakuma hazikufungwa. Kwenu huenda hayo yalikuwa mashauriano ya kidiplomasia. Darasani kwangu, baada ya tangazo la 2021, watoto waliniuliza kama wamalize kunakili zoezi. Mmoja aliuza kamusi yake, kwa sababu kaka yake alisema vitabu ni vizito kubeba. Ninawasihi wote mnaoshika vipaza sauti mkumbuke kwamba watoto hao wana redio na simu, wanaelewa Kiswahili, na kila tangazo la namna hiyo huligharimu darasa muhula mzima.

Lipo jeraha jingine, la watoto ambao sasa ni watu wazima, nalo litufunze. Katika kaunti za kaskazini-mashariki wapo Wakenya, Wasomali wa Kenya, ambao walipokuwa watoto wazazi wao waliwaandikisha Dadaab kama wakimbizi katika miaka ya ukame, ili wapate unga, matibabu na shule ambavyo nchi yao haikuwa imewafikishia. Walipofikisha miaka 18 wakaenda kuchukua kitambulisho cha taifa, alama za vidole vyao zikaonekana katika kumbukumbu za wakimbizi, wakakataliwa. Maelfu wameishi hivyo kwa miaka mingi, hawana kitambulisho, hawawezi kuajiriwa, kufungua akaunti wala kusajili laini ya simu. Waliadhibiwa kwa kuwa walikuwa na njaa wakiwa na miaka mitano. Kumbukumbu zinazomlinda mtoto leo zinaweza kumfunga kesho, na anayeziandika hana budi kuacha mlango wa kuzisahihisha.

Mfano huo unanifikisha kwa watoto wa wenyeji, ambao sitaki wasomaji wa Turkana wadhani nimewasahau. Wakati wa ukame wa misimu mitano mfululizo kuanzia 2020, watoto wa Kiturkana walichimba maji katika mchanga wa laga huku lori la maji likipita kwenda kambini. Baadhi ya wanafunzi wangu bora walikuwa Waturkana waliotembea kilomita nyingi kuja shule ya wakimbizi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na uji. Kila huduma inayojengwa upande mmoja tu wa uzio hupanda chuki ambayo watoto huilipia kwanza, kwa mawe njiani wanapotoka shule. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaokusudia kugeuza kambi kuwa miji inayoishi pamoja na wenyeji wake, ninauunga mkono kwa sababu hiyo hasa. Lakini nimeusikiliza ukielezwa kwa lugha ya biashara, manispaa na uwekezaji, na ninaomba uanze na shule. Shule zilizojengwa kambini zichukuliwe na serikali kama shule za umma, zipate mgao wa fedha kwa kila mwanafunzi aliye ndani yake, mwenye uraia na asiye nao, na walimu wake wawe walimu wa umma. Mtoto wa Mturkana na mtoto wa Mnuer wa Sudan Kusini wakiitikia kengele moja, mji utakuwa umeanza.

Gharama ni kubwa, na sidai kwamba Kenya iibebe peke yake. Nchi tajiri zilizokata misaada yao huku zikifunga mipaka yake kwa watoto wale wale zina deni, na mnapokwenda mikutanoni Geneva na New York lisemeni deni hilo kwa sauti. Lakini waraka wa kibali cha wanafunzi hauhitaji mfadhili. Agizo kwamba hakuna mtoto atakayezuiwa kufanya tathmini ya kitaifa kwa kukosa cheti au kwa tofauti ya tahajia ya jina halihitaji mfadhili. Afisa wa usajili wa kuzaliwa anayezunguka bloku kwa bloku mara moja kwa mwezi, akiwa na mkalimani, ni mshahara wa mtu mmoja au wawili. Haya yanaweza kufanyika kabla ya muhula ujao.

Nina ombi la mwisho kuhusu jibu lenu. Likiwepo, msilitume kwangu tu, wala msiliweke katika tovuti pekee. Naomba lisomwe katika paredi ya asubuhi kwenye kila shule ya Kakuma, Kalobeyei na Dadaab, kwa Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kisomali, Kidinka, Kinuer na Kirundi, na liwe na tarehe ya kuanza kutekelezwa, yoyote ile mtakayoichagua isipokuwa tarehe 1 Januari.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili
Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia